Jarida na magazini ya bunduki: neno moja la Kiingereza na ndugu yake hazina

Swali: Shikamoo mtaalamu. Ninafundisha Kiingereza kidato cha pili mkoani Morogoro. Juzi tulisoma habari iliyotaja "magazine", nikawaeleza wanafunzi kwamba maana yake ni jarida. Mmoja wao, ambaye baba yake ni askari, akanyoosha mkono akasema kwao nyumbani magazini ni kile kinachobeba risasi kwenye bunduki. Darasa likagawanyika. Wapo waliosema cha bunduki kimepewa jina la jarida kwa sababu ni bapa kama kitabu, na wapo waliosema ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati tu. Nami nilikwama. Kamusi niliyo nayo inaorodhesha maana zote mbili bila kueleza zimekutanaje. Ukweli ni upi?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Neno ni moja, si mawili, na halikuzaliwa kwenye jarida wala kwenye bunduki. Lilizaliwa ghalani. Walipolipokea Waingereza, "magazine" lilikuwa ghala: mahali pa kuweka vitu hadi siku vitakapohitajika. Baadaye jarida likaitwa ghala la maandishi, na kile cha bunduki kikaitwa ghala la risasi. Hakuna kilichomwazima mwenzake jina. Vyote viwili vilichukua kwa mama mmoja, kwa nyakati mbalimbali, kwa mikono ya watu wasiojuana.

Wanafunzi wa kundi la kwanza wamepatia jambo moja: jarida lilianza kuitwa hivyo mapema zaidi, kwa zaidi ya miaka mia. Walipoteleza ni pale walipodhani kwamba, kwa kuwa lilitangulia, basi ndilo lililozaa maana ya pili. Kaka humtangulia mdogo wake, lakini hamzai. Kosa hili hata sisi tunaofanya kazi ya maneno hulifanya, ndiyo maana nitakupa njia yote iliyopitwa, hatua kwa hatua.

Mwanzo wenyewe uko karibu na sisi kuliko wengi wanavyodhani. Kiarabu kina mzizi wa herufi tatu, kha, za na nun, unaobeba maana ya kuhifadhi na kuweka akiba. Humo mlitoka khazina, ambayo kwa ulimi wetu ni hazina. Kh ya Kiarabu sisi tumeilainisha mara nyingi: khabari ikawa habari, khatari ikawa hatari, khasara ikawa hasara. Kwa hiyo unapomtaja mweka hazina wa chama cha ushirika, tayari umo ndani ya ukoo wa neno ulilouliza.

Sasa Kiarabu kina desturi ya kuchukua mzizi na kuutanguliza ma- ili kupata jina la mahali. Desturi hiyo unaijua hata kama hukuwahi kuambiwa. Panapotolewa hukumu ni mahakama. Panapotolewa darsa ni madrasa. Panapokaa vitabu, kutokana na mzizi uleule uliotupa kitabu na katibu, ni maktaba. Pa kuishi ni maskani. Hata jua lina mahali pake pa kuchomoza na pa kuzama, mashariki na magharibi. Basi panapohifadhiwa mali ni makhzan, na yakiwa maghala mengi ni makhazin. Waangalize wanafunzi wasiichanganye ma- hii na ile yetu ya wingi katika magari na matunda. Sauti ni moja, kazi ni nyingine kabisa.

Mzizi huu ni wa zamani katika Kiarabu. Wasomaji wa Kurani watakumbuka Nabii Yusuf akimwomba mfalme wa Misri amweke juu ya khazain za nchi, na kazi aliyokuwa akiiomba ilikuwa hasa ya kusimamia nafaka ya akiba kabla ya miaka ya njaa. Huko Moroko neno lilipanda cheo. Serikali ya sultani iliitwa Makhzen, na mpaka leo Wamoroko hulitumia jina hilo kwa dola na wale walio karibu na kiti cha enzi. Ghala la kodi likawa jina la wanaoikusanya kodi. Nasi tuna mazoea ya jirani na hayo: mtu akikuambia fedha za mradi bado hazijatoka Hazina, hamaanishi sanduku, anamaanisha ofisi na watu waliomo.

Neno lilivukaje bahari? Kwa biashara. Katika zama za kati wafanyabiashara wa Venice, Genoa, Pisa na Marseille walikuwa wakienda Aleksandria, Tunis na bandari nyingine za Afrika Kaskazini kununua pilipili, ngozi, nta na nguo. Walipangishiwa majumba ya kulala na maghala ya kuweka shehena, na waliporudi kwao walirudi na bidhaa pamoja na maneno ya bandarini. Orodha ya maneno hayo humsisimua sana Mswahili. Forodha Waitaliano wakaiita "dogana", kutokana na diwani ya Kiarabu na Kiajemi, mzazi wa diwani wetu wa kata. Orodha ya ushuru wakaiita "tariffa", ambayo ni ndugu wa damu wa taarifa, kwa sababu asili yake ni kujulisha: unamjulisha mfanyabiashara atalipa kiasi gani. Na makhazin, kwa kuwa Waitaliano hawana kh, wakaitamka "magazzino". Katika hati za Kilatini za Marseille neno hili limeonekana mapema kama mwaka 1228, likiwa limevaa nguo za Kilatini: "magazenum".

Wahispania na Wareno walilipata kwa mlango mwingine. Wao hawakulifuata bandarini. Waliishi nalo nyumbani, kwa sababu Waislamu waliingia Hispania mwaka 711 na kutawala sehemu za nchi hiyo kwa karne nyingi. Watu walioishi na Kiarabu mtaani walilisikia neno pamoja na kiambishi chake al-, wakalichukua zima: "almacén" kwa Kihispania, "armazém" kwa Kireno. Hii ni alama nzuri ya kupimia, na ninakuomba uijaribu darasani. Neno la Kiarabu lililofika Ulaya likiwa na al- mara nyingi lilipita Hispania. Lililofika bila al- mara nyingi lilipita Italia. Sukari kwa Mhispania ni "azúcar", kwa Mwitaliano ni "zucchero", na Mwingereza aliyeipata kwa njia ya Italia na Ufaransa husema "sugar" bila mabaki ya al-. Pamba vilevile: "algodón" kule, "cotone" huku, na "cotton" kwa Mwingereza. Ukiangalia "magazine" halina al-, na hilo peke yake linakuonyesha barabara iliyopita.

Kutoka Italia lilikwenda Ufaransa likawa "magasin", na kutoka Ufaransa likaingia Kiingereza. Maandishi ya kwanza ya Kiingereza yenye neno hili ni ya miaka ya 1580, na maana yake ni ghala la bidhaa, basi. Hakuna risasi wala karatasi.

Lakini halikukaa muda mrefu na maana hiyo pana. Karne ya 17 Ulaya ilikuwa vitani karibu wakati wote, na jeshi la wakati ule lilikuwa mdomo mkubwa. Wafalme walianza kujenga maghala ya nafaka, majani ya farasi na zana kando ya mipaka, ili jeshi lisisubiri mavuno. Ufaransa chini ya waziri Le Tellier na mwanawe Louvois iliufanya mpango huo kuwa uti wa mgongo wa vita vyake, na maghala yenyewe yaliitwa "magasins". Baruti nayo ilihitaji nyumba yake, mbali na moto na mbali na watu. Polepole, kwa Kiingereza, ukitaja "magazine" msikilizaji alianza kufikiria baruti kwanza.

Nadhani najua sababu. Ghala la vitambaa likiungua, mwenye mali hulia. Ghala la baruti likiungua, mji hulia. Tarehe 12 Oktoba 1654 ghala la baruti la mji wa Delft, Uholanzi, lililipuka asubuhi na kufuta mtaa mzima. Watu zaidi ya mia walikufa, na miongoni mwao alikuwa mchoraji Carel Fabritius, aliyekuwa na umri wa miaka 32, aliyefukuliwa kwenye kifusi cha nyumba yake. Hofu ya namna hiyo hulivuta neno upande wake. Melini ilikuwa hivyohivyo: chumba cha baruti na risasi za mizinga kiliitwa "magazine", kikawekwa chini kabisa tumboni mwa chombo. Tarehe 24 Mei 1941 kombora la Wajerumani lilipochochea mlipuko katika chumba hicho cha manowari ya Uingereza iitwayo Hood, meli ilizama kwa dakika chache, na kati ya mabaharia zaidi ya 1,400 walipona watatu tu. Wanamaji wanapolitamka neno hili, hicho ndicho wanachokiona, si jarida.

Wakati upande mmoja ulikuwa ukielekea kwenye baruti, upande wa pili ulikuwa ukielekea kwenye karatasi. Waandishi wa Kiingereza wa karne ya 17 walipenda kuviita vitabu vyao maghala. Kitabu kilichokusanya maarifa yote ya fani fulani kilikuwa ghala la fani hiyo: unaingia, unachukua unachohitaji, unatoka. Mwaka 1669 baharia Samuel Sturmy alichapa kitabu kinene cha elimu ya ubaharia, hesabu zake na vipimo vyake, akakiita ghala la mabaharia, kwa neno hilihili. Sisi tunaielewa fikra hiyo bila kufafanuliwa. Tunasema mzee fulani ni hazina ya methali, au maktaba fulani ni hazina ya elimu, na hakuna anayefikiria sanduku la fedha.

Hata hivyo kitabu si jarida. Hapa ndipo anapoingia Edward Cave, na ningependa wanafunzi wako wamjue kwa jina, kwa sababu si mara nyingi tunaweza kumwonyesha mtu mmoja na kusema huyu ndiye aliyebadili maana ya neno.

Cave alikuwa mtoto wa fundi viatu, aliyezaliwa mwaka 1691 karibu na mji wa Rugby. Alijifunza uchapaji London, kisha akafanya kazi posta. Kazi ya posta ilimpa kitu ambacho wachapaji wengine hawakuwa nacho: magazeti ya mikoani yalipita mikononi mwake. London nayo ilikuwa imefurika karatasi. Kila juma zilitoka nyingi kiasi kwamba hakuna msomaji aliyeweza kuzinunua zote, achilia mbali kuzisoma. Cave aliona kwamba tatizo la msomaji si uchache wa habari bali wingi wake. Mtu alihitaji mahali pamoja palipokusanyiwa yale ya maana.

Mwezi Januari 1731, katika lango la kale la St John huko Clerkenwell alikoweka mtambo wake wa kuchapa, Cave alitoa toleo la kwanza la "The Gentleman's Magazine". Bei yake ilikuwa peni sita za Kiingereza. Ndani yake mlikuwa na muhtasari wa makala za mwezi mzima kutoka magazeti mengine, mashairi, habari za ndani na za nje, waliozaliwa, waliooana, waliokufa, waliofilisika, bei za bidhaa, na vitabu vipya. Jalada lilikuwa na picha ya lile lango. Mhariri alijiita Sylvanus Urban, jina la kubuni lenye msitu wa Kilatini upande mmoja na mji upande wa pili, yaani mtu wa shamba na wa mjini kwa pamoja. Katika maneno ya kujitambulisha alieleza wazi kwa nini amechagua jina hilo: anataka kuhifadhi maandishi bora ya kila mwezi kama yanavyohifadhiwa vitu ghalani. Hakuwa akibuni maana mpya. Alikuwa akitumia maana ya zamani kwa kitu kipya, na msomaji wake wa 1731 alisoma kwenye jalada "Ghala la Muungwana".

Kitu kiliuzika mno. Mwaka uliofuata wapinzani wake walianzisha ghala lao, "The London Magazine". Mwaka 1739 Waskoti wakapata la kwao. Mwaka 1741, huko Philadelphia, Andrew Bradford na Benjamin Franklin walishindana kutoa la kwanza katika makoloni ya Marekani, wakapishana kwa siku chache tu. Yote yalibeba neno lilelile kwenye jalada. Kila toleo lililotoka lililifuta ghala kidogo katika akili za wasomaji na kuliweka jarida mahali pake, hadi ikafika siku ambapo mtu aliweza kulitamka neno na asifikirie tena nyumba yenye kufuli.

Ushahidi wa badiliko hilo tunao, na umetoka kwa mtu aliyeliona likitokea. Samuel Johnson alifika London akiwa maskini, na tangu mwaka 1738 Cave ndiye aliyekuwa akimpa kazi ya kuandika. Bunge lilipopiga marufuku kuchapa mijadala yake, jarida la Cave liliendelea kuichapa kwa kujifanya linasimulia bunge la nchi ya kubuni, na Johnson aliandika mingi ya mijadala hiyo. Mwaka 1755, mwaka mmoja baada ya Cave kufa, Johnson alitoa kamusi yake kuu ya Kiingereza. Chini ya "magazine" aliweka kwanza maana ya ghala, hasa la silaha au la chakula. Kisha akaongeza maana ya pili, akisema kwamba siku hizi za karibuni neno limekuja kumaanisha kijitabu cha mchanganyiko wa mambo, kutokana na jarida la Edward Cave, na akamtaja kwa jina. Mwandishi wa kamusi aliyepata mkate wake wa kwanza katika jarida akiandika kifungu cha jarida hilohilo, kwa jina la marehemu mwajiri wake: kila nikikisoma kifungu hicho nakiona kama kumbukumbu ya kaburini.

Bunduki sasa. Kwa karne nyingi bunduki haikuwa na ghala lolote. Mpigaji alimimina baruti kwenye mtutu, akashindilia gololi, akafyatua mara moja, akaanza upya. Akiba yake aliibeba mwilini, kwenye mfuko. Ghala la jeshi lilikuwa ngomeni au kwenye mikokoteni iliyofuata nyuma. Mambo yalibadilika pale risasi, baruti na fataki vilipounganishwa ndani ya ganda moja la shaba, kwa sababu kitu kilichofungwa hivyo kinaweza kupangwa, kimoja nyuma ya kingine, na kusukumwa na springi. Mwaka 1860 Marekani ilipata bunduki mbili za aina hiyo, ya Spencer na ya Henry. Ile ya Henry ilibeba risasi 16. Mahali pa kuziweka palihitaji jina, na wanajeshi walikuwa nalo tayari tangu karne ya 17: mahali pa akiba ya risasi ni "magazine". Ghala lilihama kutoka ngomeni likaingia ndani ya bunduki yenyewe.

Hapa ndipo penye jibu kamili kwa wale waliosema ni kwa sababu kitu hicho ni bapa kama kitabu. Ghala la risasi la Henry lilikuwa bomba refu la duara chini ya mtutu, na la Spencer lilikuwa bomba ndani ya kitako. Halikufanana na kitabu hata chembe. Kile kisanduku bapa cha kuchomeka na kuchomoa, ambacho mwanafunzi wako amekiona kwa baba yake, kilikuja baadaye. James Paris Lee alikipatia hataza nchini Marekani mwaka 1879. Kwa hiyo jina lilikuwepo kabla ya umbo. Jeshi la Uingereza lilichukua mpango wa Lee mwaka 1888, na bunduki zilizotokana nao, zenye jina la Lee-Enfield na kisanduku cha risasi kumi, ndizo wazee wetu wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, walizobeba Burma katika Vita Kuu ya Pili.

Kwa Kiswahili cha vituo vya polisi na kambini, neno limebaki magazini. Utalisikia kwenye taarifa ya kamanda: bunduki imekamatwa ikiwa na magazini yenye risasi kadhaa. Wengine hupendelea kasha la risasi, nami sina ugomvi nalo, ila nalo ni mgeni aliyezeeka nchini. Kasha tulilipata kwa Wareno, kwenye "caixa" yao. Bunduki yenyewe asili yake ni bunduq, ambayo kwa Kiarabu ni aina ya kokwa, kisha kidonge cha kurushwa, kisha silaha inayokirusha.

Kuhusu kundi la pili, lililosema ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati: wazo lao si la kipuuzi, kwa sababu mambo hayo hutokea. Paa la nyumba na paa yule wa porini havina hadithi ya pamoja inayoviunganisha, sauti tu imekutana. Lakini mguu wa mtu na mguu wa meza ni neno moja lililonyooshwa. Unatofautishaje? Kwa kufuata maandishi nyuma, mwaka kwa mwaka, uone kama njia zinakutana. Za paa hazikutani. Za "magazine" zinakutana katika ghala la miaka ya 1580, na tumezifuata zote mbili.

Lugha nyingine zilizolichukua neno zililipeleka kwingine, na hili litawasaidia wanafunzi kuona kwamba maana ya Kiingereza si sheria. Mfaransa aliligeuza ghala likawa duka, maana duka ni ghala lililofunguliwa mlango wa mbele. Mrusi alifuata hivyo, na "magazin" yake ni duka. Ndiyo maana Mswahili wa Lubumbashi akikuambia anapita magazini kununua sukari, usishtuke, hana silaha. Yeye amelipata kwa Kifaransa, askari wetu amelipata kwa Kiingereza, na hazina tumeipata sote moja kwa moja kwa Waarabu. Jambo la ajabu zaidi ni kwamba Wafaransa, baada ya kuwapa Waingereza "magasin", walilichukua tena kwao katika karne ya 18 likiwa limevaa maana ya jarida, na leo wana maneno mawili, "magasin" la duka na "magazine" la kusoma, kama mtu aliyempa jirani kuku akarudishiwa mayai.

Marekani, mwaka 1940, wapenzi wa hadithi za kubuni za sayansi walioandika vijarida vyao wenyewe walilikata neno katikati wakabaki na mkia, "fanzine", na baadaye "zine" peke yake. Tazama kilichobaki: z na n, herufi mbili za mwisho za ule mzizi wa Kiarabu. Kha imepotea njiani.

Nimalizie na jarida letu, kwa sababu nalo ulilitaja kama tafsiri na lina mambo yake. Jarida kwa Kiarabu lilianza kama kuti lililochambuliwa majani, likaja kuwa daftari la orodha, kisha gazeti. Sisi tulipolipokea tulikuwa tayari na gazeti, neno lililotoka Venice, ambako "gazeta" ilikuwa sarafu ndogo na karatasi ya habari ikapewa jina hilo. Kwa hiyo gazeti likabaki la kila siku, na jarida likapewa kazi ya lile linalotoka kwa nafasi. Wala machapisho yetu ya mwanzo hayakujiita maghala. Lile la wamisionari wa UMCA lililoanza Unguja mwaka 1888 liliitwa Msimulizi. Lile la serikali ya Tanganyika lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923 liliitwa Mambo Leo. Cave aliona karatasi yake kama nyumba ya kuwekea akiba. Waandishi wetu waliiona kama mtu aliyekaa barazani anazungumza.

Kesho ukiingia darasani, Mwalimu, andika ubaoni hazina upande mmoja na "magazine" upande wa pili, ufute a na i za kila moja, kisha uwaombe watafute herufi zinazofanana. Kh imekuwa h kwetu na g kwa Waitaliano. Z na n ziko palepale. Na yule mtoto wa askari mwambie baba yake hakosei: maana anayoitumia kambini iko karibu na ile ya miaka ya 1580 kuliko hii iliyoandikwa kwenye kitabu chenu cha darasani.